Wasini kwa siku moja kutoka Mombasa: tazama mwezi kwanza, matatu baadaye

Mpwa wangu amekuja likizo kutoka Nakuru, na juzi alinitaka nimwelekeze Wasini yeye na mkewe, bila mimi kuandamana nao. Nilianza kumwandikia ujumbe wa simu, ukarefuka hadi nikaona heri niuweke pahali ambapo wengine pia watausoma.

Wasini ni kisiwa kinachotazamana na Shimoni, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania. Gari hakuna, hata moja. Wenyeji ni Wavumba, na Kivumba chao ukikisikia mara ya kwanza utatega sikio. Kama unatafuta mchanga mweupe na muziki, shukia Diani, usijichoshe.

Hatua ya 1: Chagua siku

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea vibaya.

Watu huchagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi. Bahari haijui Jumamosi. Kinachotakiwa ni bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, nayo huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani, utafute tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17. Siku hizo, pwani yetu hii, maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi jioni au baadaye kidogo. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukienda tarehe 7 au 22 utakuta maji mafu: hayajai vizuri, hayapwi vizuri, na ule mchanga wa Kisite, kwenye hifadhi ya bahari utakayofikishwa kwa boti, unaochomoza katikati ya bahari hutauona ukitoka kama inavyopasa.

Mwaka niliojifanya mjuzi, nilikuwa na programu ya maji kujaa na kupwa kwenye simu. Tulilala Shimoni, tukavuka alfajiri. Simu ilisema maji yatapwa saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo tulipofika kisiwani saa hiyo nikamwambia nahodha asogeze boti hadi ufuoni kabisa, maana kuanzia hapo maji yatapanda tu. Mzee akanitazama. "Bwana, hii ni bamvua. Maji bado yanatoka." Nikamwonyesha simu. Akasema, "Haya, mwenye simu ndiye mwenye bahari," akafunga kamba akaenda zake kunywa chai.

Saa tatu tulipotaka kwenda Kisite, boti ilikuwa imelala ubavu juu ya mawe, na kaa wadogo wanapita chini yake. Ile programu ilikuwa ikihesabu kwa saa za Greenwich, saa tatu nyuma ya zetu! Tulikaa pale hadi saa saba na nusu mchana ndipo boti ikaelea. Mke wangu mpaka leo nikitoa simu kutazama saa, huuliza ni saa ya wapi.

Kwa hiyo: kama lazima utumie simu, hakikisha imewekwa saa za Nairobi, kisha bado umuulize nahodha. Wakipishana, mfuate nahodha.

Jambo jingine ni upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na maji ni meupe. Kusi kikishapamba moto, Juni na Julai, Kisite usiende na mtu anayetapika hata kwenye feri ya Likoni.

Hatua ya 2: Fika Shimoni

Vuka Likoni mapema, saa kumi na moja alfajiri. Kwa miguu hulipi. Ng'ambo panda matatu ya Lunga Lunga, ushuke Kanana, umalizie kwa boda au tuktuk.

Hatua ya 3: Lipia hifadhi

Kisite-Mpunguti ni hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fanya nyumbani usiku, wakati una intaneti na subira. Risiti ipige picha ya skrini.

Hatua ya 4: Boti

Mimi sipendi vifurushi vya hotelini. Shuka mwenyewe gatini, salimia, ukubaliane bei ya safari nzima kabla ya kupanda: Kisite, chakula kisiwani, kurudi. Jaketi za kuokolea zihesabu kwa macho yako. Vaa raba kuukuu zilizofungwa vizuri, kandambili zitakwama kwenye matumbawe na wewe utabaki na mguu uliochanika. Majini usisimame juu ya matumbawe wala usiyashike. Pomboo wakitokea, mwambie nahodha asiwafukuze.

Hatua ya 5: Kisiwani

Ukiingia kijijini jifunge leso au uvae shati, wazee wapo barazani. Sema shikamoo. Ijumaa adhuhuri usitegemee mtu kukuhudumia.

Nenda kwenye bustani ya matumbawe ya kina mama. Ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyosimama kama watu, na unapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Saa saba bado ni pakavu, jioni ya bamvua maji huingia chini ya mbao. Waulize kama wana mboga ya pwani: majani manene yanayoota kwenye maji ya chumvi, yakipikwa kwa nazi. Hayahitaji chumvi hata chembe. Kula na wali, na kaa akiwepo.

Kuondoka, ufuoni uwe umefika saa tisa na nusu. Maji yatakuwa yamepanda, na boti itakuja hadi miguuni pako.