Kusoma Fiziolojia ya Mazoezi Ughaibuni kwa Anayetarajia Kurudi Dar es Salaam

Vijana wetu walioko nje wanauliza mara kwa mara kuhusu shahada ya fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya namna moyo, mapafu, misuli na damu vinavyojirekebisha mwili unapofanya kazi, na namna ya kumpangia mgonjwa wa presha, kisukari au moyo mazoezi yenye kipimo kama dawa. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, kabla ya kulinganisha ada za vyuo, uamue utafanya kazi wapi, kwa sababu shahada hii haina uzito uleule kila nchi.

Nchini Australia mhitimu husoma chuo kikuu kwa miaka isiyopungua minne, huidhinishwa na chama cha taaluma kiitwacho Exercise & Sports Science Australia, na daktari anaweza kumpelekea mgonjwa mwenye maradhi ya kudumu huku bima ya taifa ikichangia gharama. Nchini Marekani, chama cha American College of Sports Medicine, kilichoanzishwa mwaka 1954, kina mtihani wa cheti cha kuhudumia wagonjwa, na mwenye shahada ya kwanza pekee hutakiwa awe ametimiza saa 1,200 za vitendo. Afrika Kusini taaluma ya karibu nayo huitwa baiokinetiki, na watendaji wake husajiliwa na baraza la taaluma za afya.

Dar es Salaam hali ni tofauti. Kada ambayo hospitali zetu zimeizoea katika kumrudishia mgonjwa nguvu za viungo ni fiziotherapia, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, sayansi ya michezo hufundishwa ndani ya Shule Kuu ya Elimu, kwa hiyo iko karibu zaidi na ualimu kuliko wodi. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuhudumia wagonjwa Muhimbili namshauri asome kwanza fiziotherapia, kisha achukue fiziolojia ya mazoezi katika shahada ya uzamili. Anayetaka kufundisha, kutafiti au kuhudumia timu anaweza kuanza moja kwa moja na sayansi ya mazoezi.

Unapopitia mtaala, tafuta saa za vitendo kabla ya kitu kingine chochote. Chukua mfano wa kipimo cha Bruce, cha kuona moyo unavyostahimili mazoezi, ambacho mgonjwa hutembea juu ya mashine ya kukimbilia akiwa na nyaya kifuani: hatua ya kwanza ni kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila baada ya dakika 3 kasi na mwinuko huongezwa. Kubonyeza vitufe ni jambo dogo. Kazi yenyewe ni kusimama kando yake, kusoma mchoro wa umeme wa moyo huku ukipima presha, kuona uso unavyobadilika, na kujua ni wakati gani kipimo kisimamishwe. Ujuzi huo haupatikani kwa kutazama video, na ndiyo maana siwashauri vijana kusoma fani hii kwa mtandao peke yake.

Kwa utafiti wa mwisho, chukua swali la nyumbani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London, walioketi kutwa, waliugua moyo zaidi kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Konda wa daladala ya Mbagala hana ngazi za kupanda, lakini husimama mlangoni saa nyingi katika joto lenye unyevu, ambamo jasho hutiririka bila kukauka na mwili hushindwa kujipoza vizuri. Moyo wake unabeba mzigo gani? Swali hilo linastahili maabara nzuri, nami ningefurahi kuona Mtanzania akilijibu.

Kuhusu nyaraka, kabla ya kulipa ada hakikisha chuo kina ithibati katika nchi yake, kwa kuwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo itakayotambua shahada yako utakaporudi. Hifadhi cheti, matokeo ya kila somo, maelezo ya masomo na daftari la vitendo lililosainiwa na msimamizi. Kama vimeandikwa Kijerumani, Kituruki au Kichina, tafuta tafsiri iliyothibitishwa ukiwa bado huko. Mzazi ambaye mtoto wake amemaliza sekondari nje na anataka kusoma Mlimani, aanze mapema kushughulikia ulinganifu wa cheti hicho katika Baraza la Mitihani la Tanzania, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.