Mpango wa taka wa halmashauri: anza na mizani, mambo ya mtambo baadae

Mipango mingi ya taka ngumu inaandikwa kinyumenyume. Mkubwa kaenda ziara huko, kaona mtambo wa taka unang'aa, karudi anautaka, basi ofisi inakaa kuandika mpango wa kuuhalalisha huo mtambo na pale mezani hakuna hata mmoja anaejua mji unazalisha tani ngapi kwa siku. Kama we ndo umeangushiwa hiyo kazi, iwe upo idara ya mazingira, afya au umepewa tu kwa vile unajua kutumia Excel, soma hii kabla hujafungua ile template waliyokurushia.

Kwanza kabisa pima taka. Usikopi namba ya mji mwingine. Benki ya Dunia ilisema wastani wa dunia kwa 2016 ni kilo 0.74 kwa mtu kwa siku, sawa, ila humohumo kuna nchi zipo 0.11 na nyingine 4.54, kwa hiyo huo wastani ukiuingiza kwenye mpango wako ni kama umepiga ramli tu.

Kupima sio kazi ya kutisha. Chukua maeneo ya kipato cha chini, cha kati na cha juu, kila kundi kaya 30 hivi, gawa mifuko yenye namba na uandike watu wangapi wanalala kwenye hiyo nyumba (wanaolala sio wenye nyumba, watu huchanganya sana hapa). Mifuko ya siku ya kwanza usiihesabu maana itakuja na uchafu uliolundikana tangu siku za nyuma, baada ya hapo kusanya siku 7 mfululizo ili na wikendi iingie. Mizani ya kuning'iniza inatosha.

Ukishapima uzito mwaga mzigo kwenye turubai, changanya kwa koleo, uufanye mduara halafu ukate msalaba upate mafungu manne, toa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, rudia mpaka ubakiwe na kilo mia hivi ndo uanze kuchambua. Panga ndoo pembeni: mabaki ya chakula na majani, karatasi na maboksi, plastiki ngumu, plastiki laini, chuma, chupa za vioo, nguo, nepi na pedi, vitu hatari kama betri na sindano, na ndoo ya mchanga. Hiyo ya mchanga usiidharau, kama watu wanafagia uwanja na kutupia mavumbi humohumo utashangaa inavyokula uzito, na hayo mavumbi utakuwa unayalipia mafuta ya lori kila siku. Kila ndoo ipime ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Wachambuaji wapewe glovu nene na buti, na wawe wamechanjwa pepopunda, sio barakoa za karatasi mbilitatu afu mnapiga picha ya ripoti.

Masoko, hoteli, shule na maofisi pima kivyake. Za hospitali zile za kuambukiza zina utaratibu wake, zisiingie kwenye mfumo wako kabisa.

Sasa fanya hesabu. Tuseme mji una watu 100,000 na umepata nusu kilo kwa mtu, hizo ni tani 50 kwa siku za majumbani peke yake. Lori la wazi la mita za ujazo 15, na taka ambazo hazijabanwa zina kilo kama 300 kwa kila mita ya ujazo, litabeba tani 4.5. Likienda tripu mbili ni tani 9, kwa hiyo unahitaji malori sita yanayotembea, na la saba la akiba maana moja litakuwa gereji, hilo lazima. Ndo maana nakwambia tani kwanza, sababu ukishazijua hata mtu wa fedha hawezi kukukatia malori mawili kwenye bajeti bila kuona mwenyewe ni tani ngapi zitabaki mtaani. Na magari ya kubana taka usiyakimbilie, yametengenezwa kwa ajili ya taka kavu nyepesi zenye maboksi mengi, ukiyapa taka mbichi zimejaa maji na mchanga unabana kitu ambacho tayari kimejibana na vyuma vinaoza mapema.

Njia zenyewe zipitie kwa miguu. Kuna mitaa lori haliingii hata ufanyeje, huko weka mikokoteni au bajaji za mizigo zinazoleta mpaka sehemu ya kuhamishia, na hiyo sehemu iwe na sakafu na ratiba ya kuondolewa, la sivyo umeanzisha dampo jipya katikati ya watu. Ratiba ikishatangazwa isivunjwe hovyo, sababu watu wakitoa mifuko mara mbili gari lisije, ya tatu wanatupa mtaroni.

Haya, urejelezaji. Hapa ndo penye maneno mengi na ndo panapoharibika. Kabla hujanunua mapipa ya rangi tano tafuta mnunuzi. Mnunuzi kabisa, mwenye bei, anaetaka mzigo wa aina gani, umefungwaje, kuanzia tani ngapi, na nani analipa usafiri. 2018 China ilipofunga milango kwa plastiki chakavu na karatasi zisizochambuliwa, miji mingi Marekani ilijikuta ina marobota hayana pa kwenda, wengine wakaanza kuyazika na kuyachoma na wengine wakafuta huduma yenyewe, na hao walikuwa na mitambo na kila kitu. Chupa safi za plastiki aina ya 1 na madumu ya aina ya 2 (namba iko kwenye ile pembetatu ya chini ya chupa) kwa kawaida hayakosi mtu, chuma na maboksi pia. Mifuko laini michafu na pakiti zenye tabaka za plastiki na foili hizo usimuahidi mtu kitu.

Halafu angalia tena ndoo zako. Kwenye nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni za kuoza, kwa hiyo mpango wa "recycling" unaoongelea chupa tu unaacha nusu ya mzigo palepale. Mimi ningeanza na makundi mawili tu, mbichi na kavu, basi. Mbichi zikienda kwenye mboji (matuta ya kimo cha mita moja na nusu hivi, yageuzwe, yafike nyuzi 55 na yakae hapo siku kadhaa ili vijidudu na mbegu za magugu vife) unapunguza tripu za dampo na unapunguza methane pia, ile gesi inayotoka taka zikioza dampo na inayopasha joto dunia. Anza na masoko, sababu pale mabaki ni mengi na masafi kuliko ya majumbani, mboji yenye vipande vya vioo hakuna mkulima atakaerudi kuchukua mara ya pili. Na mtu akikuletea habari za kuchoma taka upate umeme muulize taka zenu zikiungua zinatoa joto kiasi gani, maana inatakiwa wastani wa megajuli 7 kwa kilo, na taka zenye maji mengi zinashindwa kufika hapo bila kuongezewa mafuta.

Kitu kingine ambacho wataalamu wa mezani wanakisahau ni waokota taka. Hao tayari wanafanya urejelezaji mjini kwako bila senti ya halmashauri, wanajua bei za leo na wanajua chupa zinapatikana wapi saa ngapi. Ukimpa kampuni mkataba wa taka zote unawafukuza na kiwango chako cha urejelezaji kinashuka badala ya kupanda. Pune kule India waliwapa kazi kabisa, ushirika wa waokota taka unaitwa SWaCH uliingia makubaliano na manispaa 2008, wanakusanya nyumba kwa nyumba, kaya zinawalipa ada na vya kuuza wanauza wao. Waandikishe, wape vitambulisho na sehemu ya kuchambulia yenye paa na maji, waite kikaoni mapema sio siku ya uzinduzi.

Dampo sasa, maana litakuwepo tu hata ufanye maajabu. Payatas kule Ufilipino mlima wa taka uliporomoka Julai 2000 ukaua watu zaidi ya 200, miezi michache baadae wakapitisha sheria inayozitaka serikali za mitaa ziwe na mpango wa miaka 10. Addis Ababa, dampo la Koshe, Machi 2017, zaidi ya 100. Kama huna hela ya dampo la kisasa lenye utando chini, anza na yanayowezekana kesho: uzio na geti, daftari la magari yanayoingia, sehemu moja tu ya kumwagia sio kila kona, kushindilia na kufukia kwa udongo, mtaro wa kuzuia maji ya mvua yasipite ndani ya taka, moto marufuku, na mteremko usiwe mkali. Mizani ya magari ikipatikana iweke getini, itakulipa.

Hela zigawe mafungu mawili mapema, za kununua na za kuendesha. Wafadhili wanapenda za kununua. Za kuendesha, yaani mafuta, matairi, mishahara, glovu, hizo ni zako kila mwezi, na nchi za kipato cha chini taka zinaweza kula karibu asilimia 20 ya bajeti ya manispaa, sehemu kubwa ikiwa ni kukusanya na kusafirisha. Ada ya wananchi iwe na risiti na iingie akaunti yake, ikichanganywa kwenye kapu kubwa hutaiona tena.

Mkataba wa mkandarasi nao uangalie analipwa kwa nini. Ukimlipa kwa tripu ataleta malori yaliyojaa nusu. Ukimlipa kwa tani ataweka mchanga na maji na hatataka kusikia urejelezaji, kwa hiyo changanya, sehemu kwa tani na sehemu kwa mitaa iliyohudumiwa siku iliyopangwa, na kaguzi mfanye wenyewe bila kumpa taarifa.

Ukimaliza yote hayo rudia kupima msimu wa mvua, kama mara ya kwanza ulipima kiangazi, uzito utabadilika na idadi ya malori nayo itabadilika.