Insha ya kuhamia chuo kingine Marekani: sababu kwanza, maisha yako baadaye

Mwanafunzi anayehama chuo hasomwi kama anayetoka sekondari. Anayepitia maombi yako anatafuta mambo matatu: umesoma nini mpaka sasa, kwa nini unahama, na kwa nini unahamia kwao. Ile insha ya zamani uliyoombea chuo cha kwanza iache ilipo.

Hatua ya 1: Soma maswali ya kila chuo

Kwenye Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, vyuo vingi huongeza maswali yao kwa wanaohama, na urefu hutofautiana. University of California ina fomu yake: maswali 4, kila jibu lisizidi maneno 350. Moja ni la lazima, linalouliza ulivyojiandaa kwa fani unayoiombea. 3 unachagua kati ya 7. Fomu hiyo moja huenda kwenye kampasi zote ulizochagua, kwa hiyo usitaje Berkeley wala Davis ndani ya majibu.

Hatua ya 2: Weka mezani nakala ya matokeo yako

Pamoja na orodha ya kozi za fani kwenye chuo unachokitaka. Basi.

Hatua ya 3: Andika sababu ya kuhama

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo utakapotumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Kama unatoka chuo cha jamii cha miaka miwili, kuhama kwako kunaeleweka. Usijitetee, tumia maneno yako kueleza fani. Ukiwa tayari uko chuo cha miaka minne, msomaji atajiuliza kama utawahama na wao pia, na lazima umjibu.

Malalamiko hayamjibu. Tazama sentensi hii: "Chuo changu ni kidogo na wahadhiri hawajali." Hata kama ni kweli, haimwambii msomaji unahitaji nini. Linganisha na hii: "Nimemaliza kozi zote 3 za kompyuta zinazofundishwa hapa. Katika ya mwisho niliandika programu ya kupanga ratiba za mabasi, ikakwama vituo vilipozidi 40. Ili nijue kwa nini, nahitaji kozi ya algoriti, na hapa haipo." Upungufu wa chuo umetajwa, lakini umetajwa na mtu aliyefika mwisho wa njia, na kinachofuata kinajieleza chenyewe.

Sababu za fedha au familia zinakubalika. Zipe sentensi moja au mbili zilizo wazi, kisha rudi kwenye masomo, maana peke yake hazielezi kwa nini umechagua chuo hiki na si kingine.

Sasa aya ya chuo kipya. Ukishaiandika, futa jina la chuo na uweke la kingine. Ikisomeka vizuri bado, iandike upya. Sifa za mandhari na "wahadhiri mahiri" huanguka mtihani huu kila mara. Ingia kwenye orodha rasmi ya kozi, chagua mbili, na useme kila moja inaendeleza nini ulichokwisha kukianza. Hakikisha kozi hizo bado zinafundishwa na kwamba zinapokea wanaohamia: programu za mwaka wa kwanza haziwahusu, na kuisifu mojawapo huonyesha hukusoma.

Kwa insha ya maneno 500, mgawo mzuri ni huu: 100 kwa sababu, 200 kwa uliyofanya, 200 kwa uendako. Utotoni kusizidi sentensi moja.

Hatua ya 4: Alama mbaya

Zieleze kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, nje ya insha. Sentensi 3 au 4: nini kilitokea, muhula gani, nini kimebadilika. Taja kozi uliyofanya vizuri baada ya hapo.

Hatua ya 5: Kusafisha

Usiandikie ndani ya kisanduku cha fomu. Ukurasa ukifunga, kazi inaweza kupotea. Andika kwenye faili tupu lisilo na mapambo, faili moja kwa kila chuo. Soma kwa sauti: pumzi ikikukatikia, kata sentensi. Mpe mtu asiyeijua fani yako, umwulize kitu kimoja tu: "Kwa nini nahama?" Akisitasita, rudi hatua ya 3.

Ukishabandika kwenye fomu, tazama kama mwisho haujakatwa. Kisha tafuta ndani ya kila faili majina ya vyuo vingine ulivyoomba. Jina la chuo kisicho chao likibaki, wataliona.