Matunda kwa Tumbo Lililochafuka: Jua Kwanza Tumbo Lina Nini

Mtu akilalamika tumbo, mmoja atamshauri ale papai na mwingine atamshauri ale ndizi, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa tumbo linaloharisha na tumbo lililofunga choo huhitaji matunda tofauti kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kwenda gengeni, muulize mgonjwa kama anaharisha, kama hajapata choo, au kama anasumbuliwa na kiungulia.

Ikiwa anaharisha, tunda la kutegemea ni ndizi, hasa ndizi mbichi ya kupika. Wanga wa ndizi hiyo haumeng'enywi wote katika utumbo mwembamba. Sehemu yake hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huuchachusha na kutoa asidi zinazousaidia utumbo kufyonza chumvi na maji, na hapo choo huanza kushikana. Watafiti wa Bangladesh waliliona jambo hili kwa watoto walioharisha kwa muda mrefu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001.

Osha ndizi mbichi mbili, uzitumbukize pamoja na maganda yake katika maji yanayochemka, na uziache mpaka maganda yageuke rangi na kisu kipenye bila kukwama. Zikichemshwa na maganda, utomvu haugandi mikononi, na aliyewahi kumenya ndizi mbichi bila kupaka mafuta anajua adha yake. Zikipoa, zimenye, uziponde mpaka zilainike, kisha uchanganye na uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi kidogo. Usitie sukari. Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Hata hivyo, ndizi haitoshi, na hapa naomba msomaji awe makini sana, kwa sababu kinachomuua mtu anayeharisha ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Mpe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iliyoyeyushwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi na salama, utie vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kisha ukoroge mpaka viyeyuke. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo yanafaa kama nyongeza, wala hayachukui nafasi ya ORS. Juisi tamu ziepukwe, kwani sukari nyingi huvuta maji kuingia katika utumbo na kuzidisha kuharisha.

Aliyefunga choo ale papai lililoiva vizuri, vipande kadhaa asubuhi, na anywe maji ya kutosha siku nzima, maana nyuzinyuzi bila maji hazisaidii. Ukwaju nao hulainisha choo: uloweke usiku katika maji yaliyochemshwa, uukamue asubuhi, uchuje na kunywa, lakini usimpe kamwe anayeharisha. Mjamzito aepuke papai bichi na utomvu wake.

Mwenye kiungulia aache kwanza ndimu, machungwa na nanasi. Wengine hupata nafuu kwa ndizi mbivu.

Tunda lolote lioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Matunda yaliyokwisha kukatwa na kuachwa wazi barabarani yasinunuliwe, hasa wakati wa kipindupindu.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe tunda lolote. Anyonyeshwe mara kwa mara zaidi na apelekwe kituo cha afya. Mtoto aliyevuka umri huo naye, akiharisha, apelekwe akapewe madini ya zinki, ambayo hutumiwa kwa siku 10 hadi 14.

Maumivu makali yanayohamia chini upande wa kulia wa tumbo yanaweza kuwa ya kidole tumbo, kwa hiyo usimpe mgonjwa huyo papai, ukwaju wala dawa ya kulainisha choo, bali mwahishe hospitali. Vivyo hivyo kwa mwenye damu katika choo, choo kinachofanana na maji ya mchele, macho yaliyodidimia, anayetapika kila anachomeza au asiyekojoa. Anayeharisha, maadamu ana fahamu na anaweza kumeza, aendelee kunywa ORS njiani, funda dogo baada ya funda dogo, mpaka afike hospitali.