Somo: Gari la zamani linavuma au kugonga njiani? Tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Hapa Tabora wengi wetu tunaendesha Corolla, Carina, Noah na Hilux zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2000. Ni magari imara, ila yakifika umri huo huanza kutoa milio, na hapo ndipo fedha za watu zinapoteketea. Leo shokapu, kesho bushi, wiki ijayo drafti shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu), na mlio uko palepale. Inaniuma kuona mtu amebadilisha karibu mguu mzima wa mbele kumbe tatizo ni beringi moja, kile kifaa chenye gololi ambacho gurudumu huzungukia. Kila mlio una tabia yake, na tabia hiyo unaweza kuipima mwenyewe kabla hujaingia dukani.

Hatua ya 1: Nati za tairi. Anza hapa hata kama unaona ni jambo dogo. Nati zilizolegea hugonga mwendo wa polepole, na tairi linaweza kuchomoka. Zikaze kwa kurukaruka, si kwa kufuatana kwa duara.

Hatua ya 2: Mlio unafuata nini? Nenda kwenye lami tulivu, mfano barabara ya Nzega asubuhi magari yakiwa machache. Zima redio, mpakie mwenzako akae nyuma asikilize. Ukifika kilomita 60 hadi 80 kwa saa, weka nyutro, lakini injini usizime kabisa, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Mlio ukiendelea na kupungua taratibu kadiri gari linavyopungua mwendo, tafuta kwenye matairi, beringi, breki au difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili). Ukifa mara moja pamoja na mzunguko wa injini, achana na magurudumu. Angalia egzozi, bati zake za kuzuia joto, mkanda na mauntini (mipira inayoshikilia injini).

Hatua ya 3: Yumbisha gari. Barabara ikiwa wazi, kwenye kilomita 50 hivi, pinda kidogo kulia kisha kidogo kushoto. Unapopinda kulia, uzito wa gari huhamia magurudumu ya kushoto. Kwa hiyo mvumo ukiongezeka unapopinda kulia, shuku beringi ya kushoto. Ukiongezeka unapopinda kushoto, shuku ya kulia. Watu wengi hubadilisha upande usio na tatizo kwa sababu walifuata sikio tu, na ndani ya gari sauti huzunguka sana.

Hatua ya 4: Usisahau matairi. Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma sawasawa na beringi mbovu. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara), mbele kisha nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno, hamishia matairi ya mbele nyuma, uendeshe tena. Mlio ukihama, umeokoa hela ya beringi. Dalili nyingine ni kwamba mvumo wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami kuingia kwenye udongo, wakati beringi huvuma vilevile.

Hatua ya 5: Jeki. Simamisha gari pagumu. Mchanga wetu wa Isevya na Cheyo humeza jeki, hivyo weka ubao mnene chini yake. Zuia magurudumu yanayobaki chini, na usiingie uvunguni gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Tumia stendi au gogo gumu. Tofali hapana, hupasuka ghafla bila kukupa nafasi ya kutoka.

Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika mguu wa gurudumu). Likicheza kushoto na kulia pekee, angalia tairodi (fimbo ya usukani inayopinda gurudumu). Kisha weka gia nyutro, zungusha tairi kwa mkono mmoja na mwingine uuweke kwenye springi. Beringi iliyokufa utaihisi ikikwaruza kwenye vidole hata kama sikio halisikii kitu.

Hatua ya 6: Kufunga beringi mpya. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwenye Corolla na wenzake, beringi ya mbele huingizwa kwa presi. Inapoingia kwenye nako (chuma kinachobeba beringi), nguvu lazima ikae kwenye ringi ya nje. Hab (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) inapoingia kwenye beringi, ringi ya ndani ndiyo ishikiliwe. Ukikosea, nguvu yote hupita kwenye gololi, nazo huacha vishimo kwenye njia yake. Beringi hiyo itaanza kuvuma ikiwa bado mpya. Ndiyo maana fundi akishika nyundo, mzuie kwa heshima, mwende mahali penye presi.

Weka sili mpya na nati mpya ya ekseli. Nati hiyo kwa magari madogo mengi hutaka kati ya Nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 180 na 250, fuata kitabu cha gari lako. Kama huna spana ya kipimo, mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote kwenye bomba, sentimita 30 kutoka kwenye nati, anatoa takriban 206.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Urambo: Shikamoo fundi. Corolla yangu nikikata kona kali nikiondoka, inalia tak-tak-tak. Ikinyooka inanyamaza.

Jibu: Marahaba. Hiyo ni sivii jointi ya nje, kiungo cha drafti shafti upande wa gurudumu. Chungulia mpira wa drafti shafti, uwezekano mkubwa umechanika, grisi imetoka na mchanga umeingia. Ikishaanza kulia, grisi mpya haitaiponya, badilisha jointi. Upande wa pili ukikuta mpira umeanza kupasuka na jointi bado haina mlio, badilisha mpira sasa hivi, ni nafuu sana.

Mwanachama, Ipuli: Fundi, nimeweka beringi mpya, imevuma tena baada ya muda mfupi. Nimepigwa spea feki?

Jibu: Inawezekana, dada, lakini kwanza uliza ilifungwaje. Pili, kagua hab. Kama sehemu inapokaa beringi imelika, hata ile halisi haitadumu.

Mwanachama, Sikonge: Noah ya kuendeshwa na magurudumu ya nyuma. Inavuma nikikanyaga mafuta tu, nikiachia inatulia.

Jibu: Elekea kwenye difu, kaka. Fungua nati ya kujazia oili: kiwango kinatakiwa kifike ukingoni mwa tundu. Ikipungua, jaza oili ya difu ya GL-5, si oili ya injini. Kagua pia krosi (viungo) za propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu.

Mwanachama, Kaliua: Beringi inavuma na nataka kuja Tabora mjini. Nisafiri?

Jibu: Pima kwa jeki kwanza. Gurudumu likicheza, usitoke, mwite fundi hapo ulipo. Kama linavuma bila kucheza, njoo taratibu bila mzigo. Simama Urambo, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, liache gari hapo.