Kushona bendera ya Uganda ya gwaride: vipimo, mishono na korongo

Kila Februari, Tarehe Sita (siku ya jeshi la Uganda) inapokaribia, mafundi huletewa oda za bendera. Vipimo hivi ni vya bendera ya sentimita 90 kwa 135, yaani uwiano wa 2 kwa 3.

Nunua polista yenye upana wa sentimita 150: nusu mita ya nyeusi, nusu ya njano, nusu ya nyekundu, na sentimita 60 za nyeupe. Huko Kiyembe, Kampala, zinapatikana zote. Kabla ya kukata, sugua nyekundu kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikichuja, irudishe, maana mvua ya kwanza itaharibu njano.

Kata mikanda sita yenye urefu wa sentimita 139.5, yote kufuata upande uleule wa uzi, la sivyo mmoja utavutika na bendera itapinda. Mikanda minne ya katikati iwe na upana wa sentimita 18. Ule wa juu kabisa na wa chini kabisa, 19.5, kwa sababu ya pindo.

Unganisha kuanzia juu: nyeusi, njano, nyekundu, kisha rudia. Acha sentimita 1.5 kila mshono, punguza upande mmoja, kunja mwingine juu yake, ushone mara ya pili. Kila mkanda ubaki na 15.

Korongo, ndege wa kwenye duara jeupe katikati ya bendera, ndiye anayeharibu kazi nyingi. Ndege huyu alikuwa nembo ya askari wa Uganda tangu enzi za Waingereza, kabla ya kuwekwa kwenye bendera iliyobuniwa na Grace Ibingira mwaka 1962. Lazima atazame mlingoti, pande zote mbili za bendera. Fundi akitumia stensili moja bila kuigeuza, upande wa nyuma ndege anaupa mlingoti mgongo. Kwa hiyo chora mara moja, kisha igeuze karatasi kwa duara la pili. Mguu mmoja uwe umeinuliwa.

Kata maduara yenye kipenyo cha sentimita 25, nyeupe mbilimbili kila upande. Nyeupe moja huonyesha nyeusi iliyo chini. Paka rangi kwanza, zikauke, ndipo ushone kwa zigizaga. Ukikosea unatupa duara tu. Kitovu kikae juu ya mshono wa tatu, kati ya nyekundu na nyeusi, sentimita 67.5 kutoka upande wa mlingoti. Duara lisiguse njano.

Pinda juu, chini na ncha inayopepea. Ncha hiyo ishone mistari minne, kwani upepo huanza kuchana hapo. Upande wa mlingoti weka turubai yenye upana wa sentimita 13, uikunje, upitishe kamba, uishone juu na chini isiteleze. Funga kitanzi upande wa nyeusi ya ukingoni, ili anayepandisha asiigeuze.

Mteja akiomba pia beji au sare za UPDF, yaani jeshi la Uganda, kataa. Hata bereti nyekundu ilitangazwa kuwa vazi la jeshi mwaka 2019.