Somo: Tiketi ya Alhambra, Granada, ikatwe kabla hujalipia hoteli

Wadau, wiki hii peke yake watu wanne wameniuliza jambo hili hili, na wawili wao walishalipia ndege na hoteli huku siku zao za Alhambra zimejaa. Alhambra ni ngome na kasri za wafalme Waislamu wa zamani, mjini Granada, Hispania. Inaniuma mtu avuke bahari arudi bila kuingia. Naandika mara moja, someni mpaka mwisho.

1. Tarehe ya Alhambra ndiyo ipange siku zako za Granada. Hoteli zipo tele, nafasi za kasri zina hesabu.

2. Nunua kwenye tovuti rasmi ya Alhambra.

3. Chagua tiketi ya jumla, Alhambra General. Ile ya bustani haikuingizi kwenye kasri za wafalme, Palacios Nazaríes.

4. Jaza jina na namba kama zilivyo kwenye pasipoti utakayosafiri nayo, maana wanaikagua. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi, lakini nao wakatiwe tiketi.

5. SAA. Hapa ndipo nilipoharibu. Tiketi yangu iliandikwa 10:30, nikadhani ni saa ya kufika getini. Nikafika saa nne na dakika ishirini, nikaona Generalife, yaani bustani za wafalme, iko karibu na geti, nikaanza nayo. Nilipofika mlango wa kasri saa tano na robo, mlinzi akatazama tiketi, akatikisa kichwa. Mama yangu alikuwa pembeni yangu, ameshikilia mkoba, akiniuliza, “Wanasemaje?” Sikuwa na la kumwambia. Saa iliyoandikwa ni ya kuingia Palacios Nazaríes, si ya getini. Kutoka geti kuu mpaka kasri ni mwendo wa robo saa na zaidi, na mlangoni kuna foleni. Uwe ndani ya eneo saa nzima kabla. Generalife na Alcazaba (ile ngome) zinakusubiri siku hiyo hiyo, kasri haikusubiri.

6. Kupanda kilimani: basi dogo C30 kutoka Plaza Isabel la Católica, au kwa miguu kutoka Plaza Nueva kupitia Cuesta de Gomérez.

MASWALI

Mdau wa Dodoma: Mkuu, yangu ina 08:30. Nifike saa nane na nusu mchana?
Jibu: Hapana! Ni saa mbili na nusu asubuhi. Saa nane na nusu mchana ingeandikwa 14:30.

Mdau wa Nairobi: Nikienda bila kukata, si nitapata pale pale?
Jibu: Soma namba 1.
Mdau wa Nairobi: Nimeuliza tu, mbona ukali?
Jibu: Si ukali, ndugu yangu. Sitaki ulipe nauli yote hiyo uishie kutazama ukuta.

Dada wa Tanga: Shikamoo kaka. Viza nayo je? Naogopa kukata tiketi halafu ninyimwe.
Jibu: Marahaba dada. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya ikiwemo Hispania, yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida majibu ni ndani ya siku 15. Omba mapema, ukipata tu kata Alhambra siku hiyo hiyo. Na kama pasipoti inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza, maana namba itabadilika.

Mdau wa Mombasa: Sisi tuliosoma chuo cha Kurani, maandishi ya Kiarabu ya ukutani tutayasoma?
Jibu: Swali zuri mno. Mwaka uliofuata nilirudi na mama, tukaingia. Tafuta “Wa la ghaliba illa Allah”, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Imerudiwa kuta kwa kuta, pengine usawa wa bega, ikichongwa kwenye plasta nyembamba kama lesi. Mama aliifuata herufi kwa herufi kwa kidole hewani, bila kugusa. Na beseni la chemchemi kwenye Uwanja wa Simba, ua wa ndani ya kasri, lile linalobebwa na simba 12 wa mawe, limezungushiwa shairi la mshairi Ibn Zamrak. Tengeni muda hapo.

Dada wa Tanga: Na pa kuswali?
Jibu: Upande wa pili wa bonde, mtaa wa Albaicín, pana msikiti uliofunguliwa 2003, jirani na Mirador San Nicolás, pale watu wanapotazamia mandhari. Basi C32 inafika huko. Vaeni viatu vya soli nzito, njia zote ni kokoto.